Viungo vya Mkonge: Nilivyopata Wateja wa Vikapu Mtandaoni Nikiwa Tanga

Mwaka 2018, nilipofungua tovuti ya kuuza vikapu, mazulia na brashi za mkonge zinazotengenezwa na mama mdogo wangu pamoja na wanawake wenzake sita wa Ngamiani, mjini Tanga, niliamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Tovuti ilikuwa na picha nzuri, namba ya simu na maelezo ya kufika nyumbani, na nilidhani kwamba mtu yeyote, awe Dodoma au Denmark, akitafuta vikapu vya mkonge atanikuta mimi mlangoni. Miezi minne ilipita bila agizo hata moja kutoka nje ya mkoa. Siku moja nilijitafuta mwenyewe kwenye Google kwa simu ya jirani, nikajikuta katika ukurasa wa tano, chini ya watu waliokuwa wakiuza viwanja.

Ndipo nilipoanza kusoma namna injini za utafutaji zinavyopanga kurasa. Wazo lililoiinua Google, iliyosajiliwa kuwa kampuni mwaka 1998, lilitoka kwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, ambao walikitazama kiungo, yaani maneno ya kubofya yanayompeleka msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine, kama vile wanazuoni wanavyotazama kutajwa kwa kitabu ndani ya kitabu kingine: ukurasa unaotajwa na wengi, hasa ukitajwa na wale ambao nao wanatajwa sana, unastahili kupandishwa. Leo mambo mengine mengi hupimwa, lakini viungo havijaacha kuhesabiwa. Tovuti yangu ilikuwa na kiungo kimoja tu, nacho kilitoka katika ukurasa wa rafiki yangu anayeuza vitenge. Nilipomweleza mama mdogo kwamba tunakosa wateja kwa sababu hatuna viungo, alinitazama kwa huruma akauliza, "Viungo gani weye, vya pilau au vya biriani?" Tangu siku hiyo neno hilo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu bila mtu kucheka.

Njia niliyoichukua kwanza ilikuwa ya mkato, na ninaieleza kwa kirefu kwa sababu bado ninaona vijana wenzangu wakiifuata. Nilimpata muuzaji mmoja wa ng'ambo aliyeahidi viungo mia tano kwa bei ambayo kwa hesabu ya wakati ule haikufika shilingi laki mbili. Ndani ya wiki moja viungo vilifika, na kwa siku chache nilipanda hadi ukurasa wa pili, nikajiona mjanja. Sikuvifungua kuviangalia vinatoka wapi. Mwezi Februari 2019 nilikuta ujumbe ndani ya Search Console, zana ya bure ambayo Google humpa mwenye tovuti ili aone jinsi anavyoonekana, ukieleza kwamba mkaguzi amebaini viungo visivyo vya asili vinavyoelekea kwangu na kwamba hatua imechukuliwa. Nikajitafuta tena. Safari hii sikujiona kabisa, hata nilipoandika jina la biashara yangu lilivyo.

Laiti ningesoma kabla ya kulipa, ningejua kwamba tangu Aprili 2012 Google ilikuwa imeanzisha utaratibu ulioitwa Penguin, uliolenga hasa viungo vya kununuliwa na vya kupeana, na kwamba kuanzia mwaka 2016 utaratibu huo uliingizwa ndani ya mfumo mkuu, ukawa mara nyingi unavipuuza viungo vibovu tu bila kumwadhibu mwenye tovuti. Maana yake ni kwamba mnunuzi akibahatika, fedha yake inapotea bure. Asipobahatika, anaangukia kwa mkaguzi kama nilivyoangukia mimi. Nilipovifungua hatimaye vile viungo mia tano, nilikuta vinatoka katika kurasa za dawa za kupunguza mwili, za kamari, na nyingi ajabu za ukarabati wa mabwawa ya kuogelea, na vyote vilibeba maneno yaleyale ya Kiingereza ya kumwambia mtu anunue vikapu kwa bei rahisi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeona kwamba hakuna mafundi mia moja na hamsini wa mabwawa ambao kwa hiari yao, tena kwa maneno yaleyale, waliamua kuusifu mkonge wa Tanga.

Kujisafisha kulinichukua muda mrefu kuliko kujichafua. Niliandika orodha ya tovuti zote zilizoniunga, nikawaandikia barua pepe wale ambao anwani zao zilipatikana nikiwaomba waondoe viungo (walionijibu ni wachache, na mmoja alitaka nimlipe ndipo aondoe), kisha waliobaki nikawaweka katika faili la maandishi matupu, jina moja la tovuti kwa kila mstari, na kulipeleka Google kupitia zana ya kukana viungo iliyoanzishwa mwaka 2012. Ombi langu la kwanza la kufikiriwa upya lilikataliwa. Nililiandika kwa hasira, nikimtupia muuzaji lawama zote. La pili lilikiri wazi kwamba mimi ndiye niliyenunua, likaeleza nimefanya nini na kuambatanisha orodha yenyewe, nalo lilikubaliwa baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo kukubaliwa huko hakukunirudisha ukurasa wa pili, kwa kuwa ule ulikuwa umesimama juu ya viungo ambavyo sasa havikuwapo.

Nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: ni nani hapa duniani mwenye sababu yake mwenyewe ya kunitaja? Mwenye kutafuta kikapu ananunua na kwenda zake, hana tovuti wala haja ya kuniunga. Lakini yuko mwalimu wa jiografia anayefundisha mazao ya biashara, yuko mfumaji wa ng'ambo anayetaka kujua nyuzi anazozishika zinatoka wapi, yuko mwenye hoteli anayeulizwa na wageni habari za mapambo ya chumbani. Hao wote wanahitaji maelezo kabla ya kuhitaji kikapu, na maelezo hayo mimi ninayo mlangoni pangu.

Kwa hiyo niliomba ruhusa katika shamba moja la mkonge upande wa Muheza, nikashinda huko siku mbili na simu yangu. Niliandika makala ndefu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, inayofuata jani tangu linapokatwa hadi linapokuwa singa, yaani nyuzi, nyeupe zilizoanikwa juani. Nilieleza kwamba singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na kwamba sehemu kubwa iliyobaki ni maji na makapi; nilieleza habari za Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta miche kutoka Florida mwaka 1893, ikasalia 62 iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani; na nilipiga picha moja baada ya nyingine za mashine ya kuchakata majani, ambayo wafanyakazi wa mashamba yetu huiita korona. Picha hizo ndizo zilizokuwa hazina yangu, kwa kuwa picha nzuri za kazi hiyo zilikuwa adimu na zilizokuwapo hazikuwa na maelezo ya Kiswahili.

Makala ilianza kupata viungo polepole, bila mimi kuomba. Mfumaji mmoja wa Uingereza aliitaja katika maelezo yake ya nyuzi za mimea, na mwalimu mmoja akaiweka katika orodha ya usomaji wa wanafunzi wake. Kisha ukaja Machi 2020, na wageni wa tovuti wakaongezeka ghafla mara nyingi kiasi kwamba nilidhani mama mdogo itabidi aajiri. Furaha haikudumu saa moja. Watu walikuwa wakitafuta habari za ugonjwa, nasi kichwa chetu cha habari kilisema "Korona Inavyofanya Kazi". Watu husema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Wageni wale hawakufikisha hata hiyo leo, walikuwa wakikaa sekunde chache na kutoka. Nilibadilisha kichwa kikawa kinataja mkonge na mashine tangu mwanzo, idadi ikashuka, na maagizo hayakupungua hata moja. Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu wageni nikaanza kuhesabu wanaouliza bei.

Viungo vingine nilivitafuta kwa mkono. Nilitembelea kurasa za zamani zinazoeleza mkonge, nikabofya kila kiungo ndani yake, na nilipokuta kinachoelekea mahali palipokufa nilimwandikia mwenye ukurasa kumjulisha na kumpa makala yangu kama mbadala. Barua pepe arobaini na mbili zilinipa majibu tisa na viungo vinne, na sioni aibu kuzitaja hesabu hizo kwa sababu anayekuambia kwamba kila barua hujibiwa anakuuzia kitu. Barua zilizojibiwa zilikuwa fupi, zilitaja sentensi yenyewe yenye kiungo kilichokufa, na hazikutaja vikapu hata kidogo. Niligundua pia kwamba picha zangu za korona zilikuwa zimechukuliwa na tovuti kadhaa bila kunitaja. Badala ya kudai ziondolewe, niliwasalimia vizuri nikaomba waandike zilikotoka pamoja na kiungo, na wengi walifanya hivyo siku hiyohiyo, nadhani kwa afueni.

Upande wa matangazo ya mitandao ya kijamii nilianza vibaya vilevile. Nilikuwa ninabonyeza kile kitufe cha kuisukuma posti, ninachagua Tanzania nzima, wanawake kwa wanaume, miaka 18 hadi 65, na kulipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na fedha za simu. Nilipata mioyo mingi. Nilipata pia maoni mengi ya "bei?", kwa kuwa nilifuata mazoea yetu ya kuficha bei ili mteja aje kunako ujumbe wa faragha, mazoea ambayo mpaka leo sijaelewa yanamsaidia nani. Siku niliyoandika bei ndani ya picha yenyewe, maoni yalipungua na maagizo yakaongezeka.

Baadaye nilihamia katika zana ya kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram, ambako mtu huchagua lengo lenyewe, nami nikachagua mazungumzo ya WhatsApp, kwa sababu mteja wetu hujisikia salama akisikia sauti ya mtu kabla ya kutuma fedha. Nilijifunza kwamba kila nafasi ya tangazo hupigwa mnada, na kwamba mshindi si lazima awe mwenye fedha nyingi, kwani mfumo hupima pia uwezekano wa mtazamaji kufanya kile unachokitaka, pamoja na ubora wa tangazo. Nilijifunza vilevile kutogusagusa tangazo kila asubuhi, kwa kuwa mfumo huhitaji takriban matokeo 50 (kwangu, mazungumzo 50) ndani ya wiki ili utulie, na kila badiliko kubwa huurudisha mwanzo. Bajeti yangu haikuweza kuleta matokeo 50 kwa wiki katika matangazo matatu, nikayaunganisha kuwa moja.

Jambo moja lilinichanganya kwa muda. Nilidhani kwamba kwa kuwa kurasa zangu za kijamii zilijaa viungo vinavyoelekea kwenye tovuti, basi Google ingenipandisha. Sivyo. Kwa kawaida mitandao hiyo huweka kwenye viungo alama inayoiambia injini ya utafutaji isivichukue kama kura, alama iliyoanzishwa mwaka 2005 na kuongezewa mwaka 2019 alama nyingine mahususi kwa viungo vilivyolipiwa, na Google husema wazi kwamba anayeilipa kwa matangazo hapandi kwa ajili hiyo katika matokeo ya kawaida. Tangazo likiisha fedha, linazimika, na ukurasa unabaki pale ulipokuwa.

Lakini tangazo linaweza kumfikisha mtu mahali. Mwaka 2022 nilifanya jambo ambalo wenzangu waliliona ni wazimu: nililipia tangazo lisilouza chochote. Lilionyesha picha ya singa zilizoanikwa na kumpeleka mtazamaji kwenye makala ya korona, na nililielekeza kwa watu wa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar wanaopenda mambo ya hoteli na upambaji wa nyumba. Kwa wiki mbili sikuuza kikapu hata kimoja kutokana nalo. Katika wiki ya tatu mpambaji mmoja wa Arusha aliandika katika tovuti yake kuhusu mapambo ya nyuzi za asili na kuiunga makala, kisha hoteli moja ndogo ya Zanzibar ikaagiza vikapu vya kufulia kwa vyumba vyake vyote. Nilipofunga mzigo ule, badala ya punguzo waliloliomba, niliwaomba waandike katika ukurasa wao wa vyumba mahali vikapu vilikotengenezwa. Walikataa. Walisema nipunguze bei kwanza. Nilisimama kwenye bei, na kiungo kilikuja chenyewe miezi miwili baadaye, walipochoka kuulizwa na wageni.

Leo anayeandika "vikapu vya mkonge" hutukuta katika ukurasa wa kwanza, ingawa kwa Kiingereza bado tuko katika ukurasa wa pili, chini ya maduka makubwa ya ng'ambo yenye viungo ambavyo sitavifikia kwa barua pepe zangu. Wiki hii ninaandaa makala ya namna mama mdogo anavyotia singa rangi, na ameweka sharti kwamba sufuria yake ionekane kwenye picha ikiwa imesuguliwa.