Jiwe la bibi lenye bonde, na vitu vyengine nivipendavyo

Juu ya kabati langu la kioo pana jiwe. Halina thamani ya dukani. Ni jiwe la duara, ukubwa wake kama sahani ya chai, na katikati limeingia ndani kama kiganja kinachokinga maji. Kwetu Wete, Pemba, tunaliita msio, la kusugulia liwa, yaani msandali wa kujipaka. Bonde lile la katikati hakulichonga fundi. Amelichimba bibi yangu, Allah amrehemu, kwa kigogo cha msandali na maji ya marashi, jioni baada ya jioni, tangu alipokuwa mwari hadi mkono wake ulipoishiwa nguvu. Nilipoolewa nikahamia Unguja nililifunga ndani ya kanga mbili nikalipakata kwenye boti kutoka Mkoani mpaka Malindi. Mwanamme mmoja alitaka kunisaidia kuliweka kwenye mizigo, nikamwambia ahsante kaka yangu, hili nalishika mwenyewe.

Nimelianza jiwe kwa sababu shoga yangu mmoja alikuja nyumbani wiki iliyopita, akatazama huku na huku, akaniuliza: "Hivi wewe huna kitu kipya hata kimoja?" Ninavyo, na nanunua kama watu wote. Lakini swali lake lilinikaa, na nilipokuwa nakunja nguo usiku ule nikaona vitu vyangu vya roho vyote vina tabia moja: vinaanza vigumu, vikitumika ndipo vinapokuwa vizuri.

Chukua kanga. Kanga mpya hainivutii nikiwa nimeivaa. Ina wanga, inasimama mbali na mwili, inapiga kelele ukitembea. Dukani kwenye mtaa wa Mchangani nikifunguliwa doti, naangalia pindo kwanza, kisha mji, ile sehemu ya katikati, halafu nasoma jina, yale maneno yake, lakini akili yangu iko mbali kidogo: nawaza kanga hii itakuwaje baada ya kufuliwa mara hamsini. Je, nyekundu hii itakaa? Pamba hii italegea ikawa laini, au itachuja tu ikawa tambara? Ndiyo maana wauzaji wengine huniona msumbufu. Naushika upindo, nausugua kwa vidole, nageuza nyuma kuona rangi imeingia kiasi gani. Kanga nzuri, upande wa nyuma unakaribia kuwa sawa na wa mbele. Kanga iliyopakwa rangi juu juu, nyuma yake ni nyeupe kama imesahauliwa.

Na siku hizi kuna kanga nyingi zilizochanganywa nailoni, zinang'aa dukani na bei yake inavutia, halafu msimu wa joto wa Kaskazi ukijifunga unahisi umejifunga mfuko. Mama alinifundisha namna ya kujua: chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, uuchome. Pamba inaungua kama karatasi na kubaki majivu yanayopeperuka. Uzi wa nailoni unayeyuka, unajikunyata na kufanya kidonge kigumu. Sifanyi hivyo dukani, bila shaka. Lakini nikinunua kwa mtu nisiyemjua, nanunua doti moja, naenda kuichoma uzi jikoni kwangu, na nikiridhika ndio narudi kwa nyengine za kugawa kwenye shughuli.

Kanga ninayoipenda kuliko zote ina jina ambalo mtu wa leo huenda akaliona la kawaida: WEMA HAUOZI. Nilipewa na mama siku ya arubaini ya mtoto wangu wa kwanza. Mwaka wa mwanzo nilikwenda nayo harusini na kwenye maulidi, upande mmoja nimejifunga, wa pili ushungi. Ilipochoka kidogo ikawa ya nyumbani, ya kupikia na kulalia. Kisha ikawa mbeleko. Nimembebea mtoto wa kwanza na wa pili, na yuko mpwa wangu mmoja naye amelala ndani yake zaidi ya alivyolala kitandani. Upande mmoja ulipasuka, tukaukata nepi, na kipande cha mwisho kilikuwa cha kushikia vyungu. Upande wa pili ninao. Jina limefifia, herufi za mwanzo unazihisi kwa kukumbuka zaidi ya kuzisoma, lakini ulaini wake hakuna duka la kuuza. Binti yangu ana miaka tisa na hawezi kulala akiwa na homa mpaka ajifunike ule.

Ninayo pia kisutu, ile kanga ya maharusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye vidoa vidogo vidogo na isiyo na jina. Wasiojua huuliza mbona haina maneno. Kanga zenyewe zilitangulia maneno. Zamani wanawake wa pwani walinunua leso za kukata, wakaziunga sita kwa pamoja wakapata nguo moja, na neno leso lenyewe ni la Kireno. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi tunazosomea skuli. Bibi alikuwa na doti moja yenye chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, ya lile duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, na alikuwa akiitaja kama mtu anayetaja ukoo. "Hii ya Abdulla," anasema, basi, amemaliza, huna la kuongeza.

Sasa nifike kwenye hina, kwa sababu hapa nina uchungu wangu.

Nimekulia kwenye nyumba yenye mhina uani. Majani tukiyaanika kivulini, tukiyatwanga kwenye kinu, unga ukichungwa kwa kitambaa chepesi mpaka uwe kama poda. Unakorogwa kwa ndimu na sukari kidogo, unafunikwa usiku kucha. Ukipakwa, unakaa na mikono yako imetulia kama mgeni, saa nyingi, unalishwa na wenzio, unakunwa pua na wenzio. Ukibandua, rangi ni ya machungwa, na wasichana wengi hapo huvunjika moyo. Subiri. Baada ya saa 24 inaiva, na ikifika saa 48 imekuwa nyekundu ya kahawia, nzito, kama chai ya rangi iliyokolea. Hina ya kweli haitoi weusi wa mkaa, wala haitoi rangi yake yote siku ya kwanza.

Miaka kadhaa nyuma, wiki ya harusi ya mdogo wangu, nilikuwa nimechelewa. Kazi, watoto, cherehani, na nguo za sare za watu kumi na nne bado hazijakatwa. Nikaenda kuchorwa piko. Inakuwa nyeusi papo hapo, maua yanatoka makali kama yamechapishwa, na kwa kweli nilipotoka pale nilijiona nimependeza. Usiku mkono ukaanza kuwasha. Asubuhi kila jani na kila ua lilikuwa limevimba na kujaa maji, mchoro mzima umesimama juu ya ngozi yangu kama darizi. Niliihudhuria harusi ya mdogo wangu nimevaa mikono mirefu na bendeji ndani. Mpaka leo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto liko ua moja jeupe, rangi ya ngozi haikurudi.

Piko ile ni rangi ya nywele, ina dawa inayoitwa parafenilinidiamini, na haikutengenezwa kukaa juu ya ngozi. Baya zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja, unaikumbuka. Mimi sasa hata rangi ya kawaida ya nywele siwezi kutia, nywele zangu za mvi ni za hina tu. Nawaambieni wadogo zangu, na hasa mama mnaowapeleka watoto kuchorwa kwa ajili ya Idd: hao wachukueni kwenye hina. Maua hayatakuwa meusi. Yatakuwa mazuri, na wataamka na mikono yao mizima waende Mnazi Mmoja kucheza.

Liwa naipaka karibu kila Alhamisi jioni. Natia marashi ya mawaridi kwenye bonde la msio, nazungusha kigogo cha msandali polepole, na ndani ya dakika chache kunakuwa na ujiuji wa rangi ya maziwa yenye chai. Napaka usoni na shingoni, nakaa barazani mpaka ikauke na kukaza. Ngozi inapoa. Sina maelezo mengine. Jua la siku nzima linatoka. Unga wa liwa uliokwishasagwa unauzwa kila mahali, na nimeujaribu, lakini ule wa pakiti una harufu siku ya kwanza tu, ya pili umekuwa vumbi. Kigogo, kila unapokisugua kinatoa harufu mpya, kwa sababu unaifungua sehemu ambayo haijawahi kuguswa na hewa.

Udi ni vilevile. Udi wa kipande unatoka kwenye miti ya huko mashariki ya mbali, Asia, na mti ukiwa mzima hauna harufu ile. Mpaka ujeruhiwe na kuvu waingie ndani, ndipo unapotoa utomvu mweusi, na utomvu ule ndio tunaoununua kwa bei ya kutetemesha. Siwezi kuufukiza kila siku. Wa kila siku napika mwenyewe: sukari inayeyuka sufuriani mpaka ibadilike rangi, natia unga wa udi, unga wa liwa, miski na mafuta mazuri, nakoroga haraka kwa sababu ukizubaa unapata jiwe, namwaga kwenye sinia, nakata. Kisha chetezo, makaa mawili, na nguo zinatandazwa juu yake kwa kiasi cha kusoma sura ndefu. Buibui jipya linaupokea moshi kwa siku moja na kuuacha. Buibui la mwaka wa tatu unalitoa kabatini likiwa na harufu yake hata kabla hujalifukiza. Ninalo moja la kitambaa cha nida, jeusi tupu, halina shanga wala uzi wa dhahabu, na watu wananisimamisha njiani kuuliza natumia marashi gani.

Asumini peke yake ndiyo inayonivunjia mpango wangu wote. Yenyewe haina subira. Unayanunua maua yake kwa mafungu alasiri pale Darajani, unatunga kikuba, kile kishada cha harufu, pamoja na mrihani na kipande cha mkadi, usiku yanafunguka, asubuhi yamegeuka rangi na mambo yamekwisha. Nayanunua hata hivyo. Mume wangu anayaona mezani anatabasamu, na mengine si ya kuandikwa hapa.

Kwa upande wa nyumba, sina samani nyingi. Nina mikeka. Msala wangu wa kuswalia nimeununua Chake Chake kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kando ya njia anasuka huku anauza, hata mkono wake hautazami. Nilimsalimu, "Shikamoo bi mkubwa," akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa." Nikakaa. Aliniambia ukindu ukivunwa unaanikwa, unachanwa, unachemshwa na rangi, ndipo unasukwa ukili mrefu unaopimwa kwa pima, na kushona mkeka ni kuuzungusha ukili ule na kuunga ukingo kwa ukingo. Nilimwomba usiokuwa na rangi. Akashangaa kidogo, kwa kuwa wanunuzi wengi wanataka zambarau na kijani. Nikamwambia nataka kuuona ukizeeka. Akacheka, akanitolea mmoja uliokuwa chini ya yote. Ulikuwa na rangi ya majani makavu. Leo, baada ya miaka sita ya miguu iliyotawadha na vipaji vya nyuso, umekuwa rangi ya asali, na pale paji la uso linapogusa pameng'aa.

Mkoba wangu wa sokoni nao ni wa ukindu. Tulivyokatazwa mifuko ya plastiki hapa Zanzibar, mwaka 2006, wengi walinunua vikapu kwa kulazimika. Mimi sikuwahi kukiacha. Mkoba umetiwa vishikio viwili vipya, mwili ni uleule. Makubadhi nayo, wiki mbili za mwanzo yananikata kisigino, ya tatu yanajua mguu wangu.

Ninalotaka kuwauliza, na hasa nyinyi mlioko Pemba. Kigogo changu cha msandali kimebaki urefu wa kidole gumba, na nimezunguka Mji Mkongwe kuanzia Mkunazini hadi Hurumzi napewa unga wa pakiti. Aliyeko Wete au Chake na anajua mzee anayeuza liwa ya gogo, ya kusugua, aniandikie hapa chini. Binti yangu ameanza kuniomba zamu yake kwenye jiwe, na bonde bado lina nafasi.