Blanketi kutoka kwa mama mkubwa

Mdogo wangu aliponiambia mimba imefika miezi sita, nilijua papo hapo kwamba mtoto wake atapokelewa na kitu nilichokifuma kwa mikono yangu. Ndiye wa kwanza kati yetu kupata mtoto, na mimi ndiye nitakayeitwa mama mkubwa. Nilikuwa nimezoea kufuma vitambaa vidogo vya meza. Blanketi sikuwahi kulijaribu. Kwa hiyo nilikaa na daftari siku mbili kabla ya kununua hata uzi, na sasa naona siku mbili zile ndizo zilizolifikisha blanketi mwisho.

Ukubwa nilipanga sentimita 80 kwa 90. Linatosha kumfunika mtoto akiwa amepakatwa, linatosha kumtandikia sakafuni akianza kujigeuza, na halimsumbui mama kulibeba.

Uzi ulinichukua muda zaidi. Sufu huwawasha wengine ngozi, na ukiifua kwa maji ya moto hujikaza na kusinyaa. Pamba naipenda, ila blanketi zima la pamba huwa zito na hukawia kukauka. Nikachagua akriliki laini ya unene wa kati, maana nguo ya mtoto mchanga hufuliwa mara kwa mara na mama yake hana muda wa kuibembeleza. Kabla ya kuamua nilijisugua donge la uzi shavuni na shingoni. Kiganja kimekomaa kwa kazi, hakiwezi kukuambia ngozi ya mtoto itahisi nini.

Mshono niliutaka uliofunga. Mishono yenye matundu makubwa hupendeza macho, lakini vidole vya mtoto hupenya na kunasa humo. Nikaamua kutumia mmoja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho: unazungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ile sindano yenye ndoano, unaiingiza chini ya nyuzi mbili za juu za mshono wa mstari uliopita, unavuta uzi, unabaki na vitanzi vitatu, kisha unazungusha tena na kuvipitisha vyote vitatu kwa mkupuo. Ni mshono usio na makuu, lakini mkono ukishauzoea unakwenda wenyewe, na kitambaa kinatoka kinene na laini.

Kisha nikafuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kwa kroshia ya milimita 5. Nikakifua, nikakianika, ndipo nikakipima. Wengi huruka hatua hii, nami nawasihi wasiiruke. Katikati ya kipande, sentimita 10 zilikuwa na mishono 14 kwa upana na mistari 10 kwa urefu. Basi sentimita 80 ni mishono 112, na sentimita 90 ni mistari 90. Nikakiweka kipande kwenye mizani ya jikoni: gramu 16. Blanketi lote ni sawa na vipande 32 vya namna ile, yaani gramu 512. Kila donge lilikuwa la gramu 100, kwa hiyo nilihitaji sita, ukingo ukiwemo.

Muda nao niliuhesabu hivyo hivyo. Mstari mmoja ulinichukua kama dakika kumi. Mistari mitatu kila jioni ni nusu saa, na mistari 90 ni siku 30. Nilikuwa na miezi mitatu. Nafasi iliyobaki niliiacha makusudi kwa ajili ya makosa, na makosa yakaja kweli.

Nilianza na mnyororo wa vitanzi 114, yaani 112 vya mishono na viwili vya kupandia mstari wa kwanza. Mnyororo niliufuma kwa kroshia ya milimita 6 ili usikaze. Mnyororo ukikaza, upande wa chini wa blanketi huvutwa ndani na hakuna kufua kutakakounyoosha. Kisha nikarudi kwenye ile ya 5.

Jioni ya siku ya saba nikalitandaza kitandani, nikaona pande zote mbili zinakwenda mshazari. Nikapima: juu lilikuwa jembamba kuliko chini kwa kama sentimita 6. Nikahesabu mstari wa 20, mishono 103. Nikashuka mstari baada ya mstari hadi wa 8, ndio wa mwisho uliokuwa na 112. Kumbe mshono wa mwisho wa mstari hujificha nyuma ya vile vitanzi viwili vya kupandia, nami nilikuwa nageuza kazi kabla ya kuufikia.

Usiku ule nilitamani kuongeza mishono tisa kimyakimya na kuendelea. Mama alikuwa amekaa pembeni, akaniuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe ukiliona, jicho lako litakwenda wapi?" Nilijua litakwenda pale pale palipopinda. Nikafumua mistari 12. Uzi ukarudi mkononi ukiwa na mawimbi madogo madogo, nikauzungusha kuwa donge na kuanza tena mstari wa 9.

Tangu hapo, kila mstari nilitia kipande cha uzi mwekundu kwenye mshono wa kwanza na kingine kwenye wa mwisho. Nikirudi, sigeuzi kazi mpaka nimefuma ndani ya mshono wenye alama. Mwisho wa kila jioni nikahesabu mishono yote 112 na kuandika namba ya mstari daftarini. Hesabu ile ni ya dakika mbili tu. Kufumua mistari 12 kulinigharimu jioni nne.

Kosa la pili lilikuwa kwenye ununuzi. Nilinunua madonge manne kwanza, nikayafuata mawili baadaye. Rangi ilikuwa na jina lile lile, lakini lebo ina namba inayoonyesha uzi ulitiwa rangi katika mkupuo gani, na namba hizo hazikufanana. Chini ya taa sikuona tofauti. Asubuhi dirishani, madonge mapya yalikuwa yamekolea kidogo. Bahati njema nilikuwa nimefika mstari wa 50 tu na donge la nne lilikuwa halijaguswa. Nikaanza kupishanisha: mistari miwili ya uzi wa zamani, miwili ya mpya. Rangi ikabadilika polepole kiasi kwamba hata mimi siwezi kukuonyesha ilipoanzia.

Ukingo niliufuma kwa mshono mfupi, mitatu kwenye kila pembe ili pembe zikae sawa. Kwenye pande za urefu niliweka miwili kwa kila mstari, ukingo ukajaa mawimbi. Nikafumua tena, nikaweka mitatu kwa kila mistari miwili, ukalala. Ncha za uzi nilikuwa nimeziacha ndefu, kama sentimita 15. Nikazipitisha ndani ya mishono kwa sindano butu, nikienda, nikirudi, nikienda tena. Sikufunga fundo hata moja, maana fundo humchoma mtoto na likifuliwa sana hufunguka.

Nikaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikalikunja ndani ya taulo na kulikamua bila kulisokota, nikalitandaza na kulibana kwa pini kwa vipimo vya 80 kwa 90 mpaka likauke. Pasi sikuigusa. Akriliki ikipata joto kali hulainika na kulala moja kwa moja, na ule unene wote unapotea.

Lilikuwa tayari wiki tatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Nilipompelekea mdogo wangu nilimwambia la kupakatia na la kutandika ni hili, ila asimwachie mtoto akilala peke yake. Wataalamu wa afya ya watoto hushauri kitanda cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja kisiwe na blanketi lolote lililo huru. Akaitikia, huku vidole vyake vikipita ukingoni taratibu, pembe hadi pembe. "Dada, hili ulilihesabu," akasema.

Donge la sita limebakiza gramu 42. Nimeshapima kichwa cha mtoto, na mnyororo wa kofia uko kwenye kroshia.