Helmeti sakafuni

Juzi usiku mwanangu mdogo alinikimbia. Niliingia sebuleni na helmeti kichwani, nimenyoosha mikono nimbebe, akajitupa kifuani kwa mama yake akipiga yowe kama kaona jini. Nikaivua, nikaiweka sakafuni. Mke wangu akacheka. Mimi nikabaki nimeduwaa, maana tukio hilo nilishaliona, darasani, mwaka wa pili.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pikipiki. Siku ya Iliad, ule utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita vya mji wa Troy, aliingia na helmeti yake, akasimama mbele kimya huku tukicheka chini chini. Kisha akaivua taratibu, akainama, akaiacha chini, kioo kinametameta.

"Hector, shujaa wa Troy, katoka vitani kuwaona wa nyumbani," akasema. "Mtoto kaogopa chapeo, kile kishungi cha nywele za farasi. Baba anaivua, anambusu mtoto, anamrusharusha. Halafu anarudi vitani."

Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasema Hector ni muungwana: anamwambia mkewe, Andromache, kwamba akijitenga na vita kama mwoga, ataona haya mbele ya wanaume wa Troy na wanawake wao wenye mavazi ya kuburura. Mwenye haya hakai ndani wenzake wanakufa. Nilisema mengi, na wanaume wenzangu wakagonga meza.

Nyuma kulikuwa na dada mmoja, mkubwa kwetu, ambaye siku akikosa wa kumwachia mtoto alikuja naye. Hakusimama, mtoto alikuwa amelala mapajani.

"Mwalimu, samahani. Mbona tumeruka pale kwenye mtini?"

Tukapekua. Kweli, Andromache halii tu. Anamwambia mumewe aweke jeshi penye mtini, mahali ukuta unapopandika. Wagiriki, maadui zao, wameshajaribu hapo mara tatu. Ni mpango wa vita kabisa. Hector anamjibu arudi kwenye kitanda chake cha kufumia nguo, vita ni shauri la wanaume.

"Anawaonea haya wanawake wote wa Troy," akasema yule dada, kwa sauti ya kutomwamsha mtoto, "isipokuwa huyu mmoja."

Nikamjibu kwamba hajui mila za wakati ule. Darasa likacheka, likawa upande wangu. Yeye akafungua kitabu cha 22: Achilles, shujaa wa Wagiriki, anakuja, wazazi wanamlilia Hector kutoka ukutani aingie ndani, haingii. Polydamas, mwenzake wa vita, alimshauri alirudishe jeshi mjini usiku ule, akakataa, watu wakafa. Sasa anaogopa maneno ya Polydamas. "Anaogopa kusemwa," akasema, akaanza kumpigapiga mtoto mgongoni.

Sijawahi kumaliza ubishi ule. Kuna siku namwona Hector anakimbia lawama tu. Kuna siku nasema mtu aliyewaponza wenzake, hilo lango ataliingia na uso gani?

Basi juzi, mtoto hata hajanyamaza, simu ikaita. Kamati ya msiba, na mweka hazina ni mimi. Mvua inanyesha.

"Si uwatumie kwa simu?" mke wangu akauliza.

"Watanionaje?"

"Haya. Ila pita njia ya juu, bondeni maji yamejaa."

"Njia naijua," nikasema, na kabla sijafunga mdomo nikausikia ule mtini.

Nikaibeba helmeti mkononi, nikaivalia nje. Nilipita njia ya juu. Sijamwambia.