Siku Mbili Malaba
Mwishoni mwa mwaka 2006, nilipokuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, mjomba wangu alinichukua niwe utingo wake katika safari ya kupeleka kahawa Mombasa kutoka Kampala. Tulipofika Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, tulikuta foleni ndefu ya malori, na wakala wa forodha akatuarifu kwamba hati za mzigo wetu zilikuwa na kasoro. Tulingoja siku mbili.

Mchana wa kwanza mjomba alitoa kipande cha gazeti chenye mraba wa visanduku 81, tisa kwa tisa, vichache tu vikiwa na tarakimu. Sikuwa nimewahi kuona Sudoku. Nilidhani ni hesabu, somo lililonitesa shuleni, lakini mjomba, aliyeishia darasa la nne, alinieleza kwamba hapakuwa na kujumlisha wala kutoa: kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila chumba cha visanduku tisa, tatu kwa tatu, vilipaswa kuwa na 1 hadi 9 bila kurudia. "Mpwa wangu, ungeweka majina ya matunda tisa badala ya tarakimu, mchezo ungebaki uleule," alisema.

Kisha akanionyesha chumba cha juu kulia, kilichokosa 7. Mstari wa kwanza ulikuwa na 7 tayari, na wa tatu vilevile, kwa hiyo 7 ya chumba kile ilikuwa lazima ikae katika mstari wa pili, na huko kilibaki kisanduku kimoja tu kitupu. Nakumbuka furaha iliyonishika. Hakuna mtu aliyeniambia jibu, nami nililijua kwa uhakika ambao sikuwahi kuupata darasani.

Jioni tulikwama. Kisanduku kimoja kilikubali 4 au 9, na mjomba alipokwenda kutafuta chai niliandika 4 kwa kubahatisha. Giza lilipoingia tulikuta 4 mbili katika mstari mmoja wa kusimama. Nilipokiri, mjomba hakunigombeza. Alichukua raba akafuta kila tulichokiandika kwa penseli, kwa sababu hatukuweza tena kutenganisha kilichothibitishwa na kilichozaliwa na bahati yangu. Niliumia kuona kazi ya nusu siku ikipotea, ingawa hadi leo naamini alifanya sawa.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mchezo huu ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979, ukidhaniwa kubuniwa na Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana, na kwamba ulipewa jina la Sudoku huko Japani katika miaka ya 1980. Kilichonigusa zaidi ni kanuni kwamba fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu. Mjomba hakuwa amesoma hayo, lakini alifuta karatasi ile kama mtu mwenye hakika kwamba njia ipo.

Asubuhi tulianza upya, na safari hii tuliona kwamba katika mstari ule wa kusimama 9 haikuwa na pengine pa kukaa isipokuwa kisanduku kilekile kilichotushinda. Baada ya hapo tarakimu zilifuatana haraka. Wakala alipogonga mlango akiwa na hati zilizorekebishwa, vilibaki visanduku vitatu. Mjomba alimshukuru, akaziweka hati kwenye dashibodi, akanirudishia penseli.