Anomalocarididae: Familia Iliyosambaratishwa na Visukuku

Ni familia chache za wanyama wa kale wa baharini, jamaa wa arithropodi (kundi la wadudu, kamba na kaa), zilizowasumbua wataalamu kama Anomalocarididae. Mwaka 1892 Joseph Whiteaves alieleza visukuku vyenye pingili kutoka British Columbia, Kanada, akidhani ni kiwiliwili cha kamba aliyekosa kichwa, kumbe ni kiungo cha mbele ambacho mnyama wa familia hii alikitumia kukamatia mawindo. Na mwaka 1911 Charles Walcott aliuita mdomo wa mviringo wa jamaa wa mnyama huyo, Peytoia, yavuyavu, na mwili wa huyohuyo akauita jongoo bahari. Siwalaumu, kwa maana wanyama hawa walisambaratika upesi baada ya kufa. Harry Whittington na Derek Briggs ndio walioviunganisha vipande hivyo mwaka 1985.

Baadaye jenasi nyingi, Peytoia ikiwemo, zilihamishiwa familia nyingine za oda ya Radiodonta. Oda yenyewe huwekwa kando ya arithropodi halisi, kwa sababu ina macho yenye lenzi nyingi na viungo vya mbele vyenye pingili, lakini kiwiliwili hakina miguu yenye pingili. Uamuzi ambao, kwangu, unashawishi zaidi kuliko kuwaingiza moja kwa moja kundini.