Roboti la foreksi: faida weka pembeni, nionyeshe ekwiti

Sijui nani kawaambia hawa wauzaji wa maroboti kwamba Pemba pesa inashikwa msimu wa karafuu, lakini wanajua, mana karafuu zikianza kuanikwa tu WhatsApp yangu inajaa, huyu wa Wete, huyu wa Chake, mwengine yuko Mkoani anasubiri boti, na wote wananiletea kitu kilekile, "kaka hebu nitizamie hichi", skrinshoti ya grafu iliyonyooka inapanda juu na chini yake maandishi kwamba roboti, yaani programu ya kununua na kuuza fedha za kigeni (ndo foreksi hiyo), linafanya kazi lenyewe wewe umelala. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa afu ntakuwa nawatumia link.

Kwanza tuelewane, maroboti yenyewe si uongo. MetaTrader 4 (MT4), programu ya kutredia foreksi, imetoka 2005 na ndani yake kuna sehemu ya kuandikia programu za kufungua na kufunga trede, yaani kununua na kuuza, zenyewe, ndo hizo wanaziita EA. Yeyote anayejua kidogo kuandika kodi anaweza kutengeneza la kwake. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona maroboti yapo" mwambie ndio yapo, suala ni lako wewe linafanya nini soko likienda kinyume. Hapo ndo penye uhondo wote na ndo pahala muuzaji hapataki.

Tuchukue EURUSD, yaani bei ya yuro kwa dola. Roboti linafungua lot 0.01 (lot ndo ukubwa wa trede), kila pipu, yaani hatua moja ndogo ya bei, ni senti 10 za dola. Soko likienda upande wake pipu 20 linafunga, faida dola 2, grafu imepanda kidogo, grupu zima mashallah mashallah. Likienda kinyume pipu 20, halifungi hasara, linafungua nyengine ya 0.02, ikienda kinyume tena 20 linaongeza 0.04, afu 0.08, 0.16, 0.32, 0.64, mpaka ya nane 1.28. Mchezo huu unaitwa martingale, na ukikuta ndani ya maelezo neno "rikavari" au "gridi" jua mara nyingi ndo huohuo umevishwa nguo nyengine. Sasa chukua kikokotozi ufanye hesabu mwenyewe usiniamini mie: ikifunguliwa ile ya nane soko limerudi nyuma pipu 140 tu, na hasara ya zile saba za mwanzo ukijumlisha ni dola 494, na kuanzia hapo kila pipu moja inakula dola 25 na nusu. Aliyeweka dola 500 habari yake imekwisha, tena kwa kweli hata hapo hafiki, broka, kampuni inayoshika akaunti yake, anamfungia njiani kwa sababu dhamana ya akaunti haitoshi. Yote hayo kwa kufukuzia dola 2. Na pipu 140 kwa EURUSD si ajabu yoyote, inakuja.

Utauliza mbona grafu yake ya miezi sita haina hasara hata moja. Ndo hivo hivo, mana mstari anaokuonyesha ni balansi, na balansi inahesabu trede zilizofungwa peke yake. Hizo zinazovuja damu bado ziko wazi hazimo. Ekwiti ndo inahesabu kila kitu pamoja na zilizo wazi. Kwenye MT4 ya simu atakukatia picha ya historia, buluu tupu kutoka juu mpaka chini, ile sehemu ya trede zilizo wazi haikatiwi picha abadan. Ukiona balansi inapanda imenyooka na ekwiti inaning'inia chini yake, usiulize suali jengine.

Akija na baktesti ya miaka kumi, yaani roboti limejaribiwa kwenye bei zilizokwishapita, hapo pia poleni. Roboti analokuuzia ni faili la ex4, limeshafungwa, huwezi kusoma ndani yake kuna nini, na mtu mwerevu anaweza kuliandikia humo tarehe zote mbaya, siku fulani lisitrede kabisa, siku fulani liuze tu, kwa hiyo kwenye historia linakuwa walii kamili na kesho halijui lolote. Hata asipodanganya kiasi hicho, anaweza kulichezea mipangilio mara mia mpaka ikubaliane na yaliyopita. Mie huangalia kwanza tarehe 15 Januari 2015, siku benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa yuro, faranga ikapaa na EURCHF, ndo hiyo bei ya yuro kwa faranga, ikaporomoka chini ya 1.00 ndani ya dakika chache. Anayetrede faranga na siku hiyo kwake imepita shwari kama siku nyengine, aeleze vipi. Wengi baktesti zao zinaanza 2016, bahati hiyo.

Sasa kuna kijana mmoja wa Michenzani aliniingiza kwenye grupu la Telegram wanalouza roboti dola 300, akaniomba niulize masuali mbele za watu. Nikauliza moja tu kwa adabu, admini naomba paswedi ya investa ya akaunti mojawapo. Kwa wasiojua, akaunti ya MetaTrader ina paswedi mbili, ile kubwa ya kutredia na hii ya investa ya kuangalia tu, huwezi kufungua wala kufunga kitu, unaona trede zote live pamoja na ekwiti. Mtu mkweli haimpunguzii chochote. Jibu likaja:

"Ndugu, una mawazo ya kimaskini. Wenzako wameshatoa mtaji wao na faida, wewe unauliza paswedi."

Nikamwambia sawa mkuu, basi nipe link ya Myfxbook, tovuti inayoonyesha matokeo ya akaunti za trede, iliyothibitishwa, ile yenye tiki mbili za kijani, ya historia na ya umiliki wa akaunti, na iandikwe ni akaunti halisi si demo ya pesa za kujifanyia mazoezi. Akaniondoa kwenye grupu. Kijana wangu akasema "kaka nimekufahamu" na dola zake 300 akanunulia friji ya duka la mama yake, ambayo inapoza soda mpaka leo.

Kitu chengine cha haraka haraka, tizama saa. Soko la foreksi linafungwa usiku wa kuamkia Jumamosi na kufunguliwa usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, kwenye saa sita au saa saba usiku kutegemea majira ya Marekani. Nshaona skrinshoti ya "faida ya leo" kwenye EURUSD, trede imefunguliwa Jumamosi mchana. Jumamosi mchana! Bitikoini sawa hailali, lakini yuro na dola Jumamosi mchana mnatrede na nani, na mpiga debe?

Hapo tunaingia kwenye aina ya pili ambayo kwangu mie ndo khatari zaidi, kwa sababu hata roboti lenyewe halipo. Hawakuuzii faili, wanakwambia tuma pesa kwetu, roboti letu lina akili mnemba linatrede kwa niaba yako, wewe fungua app uangalie namba zikipanda. Namba ile mtu anaandika tu. Kubwa la namna hii kwa Afrika ni Mirror Trading International ya Afrika Kusini, ilikuwa inakusanya bitikoini ikisema ina roboti linalotrede foreksi, CFTC, tume ya Marekani inayosimamia masoko haya, ikaipeleka mahakamani 2022 na mwaka uliofuata mwenye nayo, Cornelius Steynberg, akaamriwa kurejesha zaidi ya dola bilioni 1.7 na faini ya kiasi kama hicho juu yake. Na sie wenyewe tulishapata upatu wa DECI bara kule mwaka 2009, mambo ya kupanda mbegu, haikuwa na roboti wala grafu na watu walipanda vilevile. CFTC haohao Januari 2024 wakatoa onyo maalumu kuhusu hawa wanaonadi maroboti ya akili mnemba yenye faida ya uhakika.

Kwetu kuna kipambo chengine wanakipenda, wanaandika "roboti halali" kwa maandishi ya kijani na msikiti nyuma. Akaunti isiyo na swap ipo kweli, mabroka wengi wanayo na inaitwa akaunti ya Kiislamu, haina riba ya usiku. Ni sifa ya akaunti tu, haihusiani na roboti kuiba au kutoiba. Mambo ya fat'wa waulizeni masheikh, mie natizama ekwiti.

Na kuna la bure. "Roboti bure kabisa, sharti fungua akaunti kwa link yangu." Akiwa mpole basi anakula kamisheni kwa kila trede yako, ndo mana roboti lenyewe linatrede kama limechanganyikiwa, kutwa trede hamsini. Akiwa si mpole, broka mwenyewe ni wa kutunga. Mwambie akupe namba ya leseni, afu usibonyeze link aliyokupa yeye, nenda mwenyewe kwenye rejista ya wasimamizi wa mabroka, FCA ya Uingereza au FSCA ya Afrika Kusini, au CMA ya Kenya, tafuta ile namba uone na anwani ya tovuti inalingana herufi kwa herufi, mana kuna wanaojiita jina la kampuni ya kweli na kubadilisha herufi moja tu.

Broka wa kutunga humjui siku ya kuweka pesa, siku ya kuweka ni mashallah, wanakupigia na simu. Unamjua siku ya kutoa. "Lipa kwanza kodi asilimia kadhaa", ukilipa kunakuja ada ya kufungulia akaunti, afu ada ya uhakiki. Kama pesa yako iko kwao kweli si wakate humohumo wakupe iliyobaki? Hapo usitume tena hata mia.

Kama ushatuma kwa simu na ndo kwanza hata saa haijapita, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, si baada ya kumuuliza admini, afu nenda polisi na meseji zote, usifute hata moja. Kama ulimpa mtu paswedi ya kutredia au ulimruhusu kuingia kwenye laptopu yako kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali, ili "akuwekee roboti", toa hiyo AnyDesk na badilisha paswedi zote ikiwemo ya imeili, kwa kutumia kifaa chengine. Na wiki mbili tatu baadae atakutafuta mtu mpole sana, anajua jina lako na kiasi ulichopoteza, anasema yeye kazi yake ni kurejesha pesa za walioibiwa kwa ada ndogo tu. Namba hiyo iblok, mana kiasi ulichopoteza mnakijua wewe na waliokuibia.