Chipsi kavu nje, laini ndani: ninavyozikaanga nyumbani

Nilitaka chipsi zinazolia mdomoni hata baada ya kukaa mezani kidogo, na sasa nazipata kwenye jiko langu la kawaida la gesi. Siri yake ni kuyatoa maji kwenye kiazi kabla hakijabadilika rangi. Kiazi mviringo ni maji kwa karibu asilimia 80, na maji hayo ndiyo yanayolegeza chipsi.

Kila kitu kinaanzia kwenye kiazi chenyewe. Kinachofaa ni kile chenye wanga mwingi, na kwa macho huwezi kukijua. Mimi nachanganya kipimo 1 cha chumvi na vipimo 11 vya maji, kisha natumbukiza kiazi. Kikizama, kina wanga wa kutosha. Kikielea, kinakwenda kwenye mchuzi. Viazi vya chipsi siviweki kwenye friji kamwe. Baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari huungua upesi kwenye mafuta, hivyo unapata chipsi nyeusi zenye uchungu.

Nakata vipande vya unene wa sentimita 1 na kuviosha mpaka maji yawe maangavu. Kisha navichemsha kwa dakika kama 10 kwenye maji yenye chumvi na siki, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita. Siki ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote: inazuia kiazi kumomonyoka, kwa hiyo kinaiva ndani huku kikibaki na umbo lake. Ladha yake huisikii baadaye. Navichuja, navitandaza juu ya kitambaa safi na kuviacha mpaka vikauke kabisa. Hapo usiwe na haraka.

Kukaanga ni mara mbili, kama wanavyofanya Wabelgiji, ambao kwa desturi hutumia mafuta ya ng'ombe. Mimi natumia ya alizeti. Awamu ya kwanza moto ni wa wastani, nyuzi 150 hivi. Ukichovya mwiko mkavu wa mti, mapovu yanapanda polepole. Dakika 4 au 5 zinatosha, na chipsi zitoke zikiwa bado nyeupe. Naziacha zipoe kabisa. Nikiwa na nafasi nazigandisha usiku mzima kwenye friza, maana barafu huipasua nyama ya kiazi na kuifanya iwe nyepesi zaidi.

Awamu ya pili moto unapanda hadi nyuzi 180 au 190, na natia chache chache. Ukijaza karai, mafuta yanapoa na chipsi zinayanywa. Sikiliza mlio: yale mapovu ni maji yanayotoka kama mvuke, na kelele ikipungua, zimekaribia. Zikishapata rangi ya dhahabu natoa, namwaga chumvi palepale zikiwa za moto, na kuziacha wazi juu ya waya. Usizifunike, wala usizitie kwenye hotipoti. Mvuke utazilegeza kwa dakika chache tu, na kachumbari nayo ikae kwenye kibakuli chake pembeni.

Kwa chipsi mayai naishia awamu ya kwanza na kuongeza rangi kidogo tu, kwa sababu yai litazilainisha vyovyote vile.